Deni la Rosie Larsen
Kigoma, Jumapili usiku

(Humu wauaji wanatajwa. Kama hujamaliza, rudi baadaye.)

Ubishi wa huku Mwanga wiki hii ni kuhusu The Killing, tamthilia ya upelelezi ya Marekani: sizoni ya kwanza iliishia vizuri au watazamaji waliingizwa mjini? Ni kazi ya 2011, lakini flashi haina tarehe. Anayeimaliza leo anakasirika leo, kwa hasira ileile iliyowapata Wamarekani tarehe 19 Juni 2011, kipindi cha 13 kilipokwisha bila kusema nani alimuua Rosie Larsen.

Hasira hiyo ina sababu zaidi ya kukosa jina la muuaji. Kituo cha AMC kiliitangaza tamthilia kwa swali moja tu: nani alimuua Rosie Larsen? Ukibandika swali kwenye bango, umekopa. Halafu ile ya Denmark iliyozaa hii, Forbrydelsen ya 2007, ilitumia vipindi 20 na ikaifunga kesi yake ndani ya sizoni hiyohiyo. Watu wakaona vipindi 13 vya Marekani vinaenda kulekule.

Ukiitazama dakika ya mwisho peke yake, imetengenezwa kwa ustadi. Mwanasiasa Richmond amekamatwa kwa ushahidi wa picha ya gari lake darajani. Mpelelezi Linden ameshaketi kwenye ndege na mwanawe, simu inaita: kamera za pale darajani zilikuwa mbovu, picha kama hiyo haiwezi kuwepo. Uso wake unabadilika, na sisi tunaelewa kwamba mwenzake Holder ameghushi. Kosa ni mahali ilipowekwa. Kwa wiki nyingi tamthilia ilikuwa na mchezo mmoja: mshukiwa analetwa, tunamchukia, kisha anasafishwa. Fainali ikarudia mchezo uleule, na mgeuko uliopaswa kushtua ukaonekana mazoea. Wachambuzi wengi walioimwagia sifa kipindi cha kwanza kilipotoka ndio waliokuwa wakali zaidi usiku ule.

Deni lililipwa, muuaji akajulikana, tarehe 17 Juni 2012, mwisho wa kipindi cha 26, yaani cha mwisho cha sizoni ya pili. Watazamaji walikuwa wamepungua, AMC ikaifuta, kisha ikairudisha 2013. Tamthilia ya Twin Peaks ilishapita njia hiyo: sizoni ya kwanza iliisha Mei 1990 muuaji wa Laura Palmer hajatajwa, akatajwa Novemba, na baada ya hapo wengi wakaondoka. Kumchelewesha muuaji kunaudhi, na kumtaja kisha ukaendelea kana kwamba bado una siri kunachosha. Sijui lipi baya zaidi. Mimi ningechagua kuudhi.

Kuna hasira nyingine za huku ambazo mwandishi hana hatia nazo. Flashi ikichomolewa kabla faili halijamaliza kunakiliwa, dakika za mwisho ndizo zinazopotea. Faili la MP4 likikatika mara nyingi halifunguki kabisa, kwa hiyo unajua. Faili la MKV linacheza vizuri hadi pale lilipokatikia, kisha kimya, na mtu anaapa kwamba sizoni imeishia hewani. Kabla ya kubishana, linganisha ukubwa wa faili na lile la muuza muvi, na uone kama majina ya waigizaji yamepita mwishoni.

Maandishi ya chini nayo yana yake. Yaliyopimwa kwa toleo la picha 23.976 kwa sekunde, ukiyaweka kwenye toleo lililoharakishwa hadi picha 25, mwanzoni yanakwenda sawa, lakini kufikia dakika ya 50 yamebaki nyuma kama dakika mbili. Mtu anakiri kuua, wewe bado unasoma salamu za mlangoni. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, herufi G na H zinasogeza maandishi, lakini zinatibu yale tu yaliyochelewa kwa kiasi kimoja toka mwanzo. Yakiwa yanazidi kuachwa, tafuta faili jingine la maandishi.

Broadchurch ya Uingereza ilifanya hesabu tofauti. Vipindi 8, Machi hadi Aprili 2013, na cha mwisho hakikumficha muuaji hadi dakika ya mwisho. Kilimtoa mapema: Joe Miller, mume wa mpelelezi mwenyewe. Muda uliobaki ukaachiwa maumivu, hasa uso wa Olivia Colman, anayeigiza mpelelezi huyo, anapoambiwa na mwenzake, David Tennant. Waliokuwa wameshadhani ni Joe hawakulalamika, maana jina halikuwa zawadi pekee mezani. Hiyo ndiyo fainali ya kujifunzia.

Line of Duty, ya Uingereza pia, kuhusu polisi wanaowasaka polisi wala rushwa, ndiyo inayopasua vijiwe. Sizoni ya sita iliisha Jumapili tarehe 2 Mei 2021, saa 3 usiku Uingereza, saa 5 usiku huku, na watu milioni 12.8 waliitazama usiku huohuo. Ukiona namba hiyo usidhani walifurahi. Watazamaji wa fainali hupimwa kabla hawajajua watakachopewa. Ni kipimo cha hamu. Kuridhika kunaonekana sizoni inayofuata ikifunguliwa. Hata asilimia za Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wachambuzi, zisomwe kwa uangalifu: 90 maana yake wachambuzi 9 kati ya 10 wamepitisha, hata kama kila mmoja amesema "inafaa" tu, na mara nyingi walipewa vipindi vya mwanzo pekee.

Kwa miaka watazamaji wa Line of Duty walimsaka "H", bosi wa siri wa wahalifu ndani ya polisi, wakidhani ni herufi ya jina. Kumbe H kwa Morse, alama za nukta na mistari za simu ya zamani, ni nukta nne, yaani wahalifu wanne ndani ya polisi, na wa nne akawa Buckells, bosi mzembe aliyekuwa akichekwa. Wengi walitaka joka, wakapewa mjusi. Naona mwandishi alikuwa sahihi kuhusu ufisadi na alikosea kuhusu tamthilia: mzembe anaweza kuwa mhalifu wa kweli, lakini ukimlea shetani sizoni tatu, huwezi kumfungulia mlango akaingia karani.

Na kilichomnasa ni tahajia. Muhusika asiyejulikana alikuwa akiandika "definately" badala ya "definitely" kwenye ujumbe wake, na kosa hilohilo likakutwa kwenye nyaraka za Buckells. Kwenye kibanda umiza, mtafsiri anayesema juu ya sauti hana pa kuliweka hilo. Akisema "ameandika hakika", ushahidi umekufa. Angesema "ameandika hakkika, kwa k mbili", kibanda kizima kingemshika Buckells pamoja na polisi.