Siku moja ndani ya kikapu: mkono ukinyooka mpaka mwisho

Saa 11 na nusu alfajiri

Usiku kumenyesha. Kwa mwingine hizo ni habari za matope mlangoni. Kwangu ni habari za miguu ya jeki inayolizuia gari lisipinduke, ndiyo maana nimeanza kuiwaza Raskazoni kabla hata sijanawa uso. Leo tuna kazi tatu hapa Tanga mjini: matawi Ngamiani, vikombe vya laini kubwa Raskazoni (vile vinavyotenga waya na nguzo), kisha taa za barabarani mchana. Ile ya katikati ndiyo itakayodai mkono wote, maana nguzo iko ng'ambo ya mtaro, na foroman alipokwenda kuitazama jana alirudi anakuna kichwa.

Kwa wasioijua kazi hii: naendesha gari la kikapu. Ni lori dogo lililotumika Japani kabla ya kuletwa huku. Mgongoni lina mkono unaonyanyuka na kurefuka kwa haidroliki, yaani nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu, na mwisho wa mkono kuna kikapu ambamo fundi husimama. Tupo wanne: dereva, foroman, mimi wa juu, na msaidizi wa chini ambaye wote tunamwita Babu. Babu alizipanda nguzo kwa mkanda na vyuma vya miguuni miaka mingi kabla kampuni haijamiliki gari kama hili, na mpaka leo hulitazama kwa jicho la mashaka. Nadhani ndiyo sababu ni msaidizi mzuri.

Saa 12 na nusu, yadi

Ukaguzi. Dereva anaangalia matairi, breki na oili, mimi naanzia kwenye pini za mkono, moja moja, kama kila moja ina kizuizi chake. Napitisha tochi kwenye faiba ya kikapu kutafuta nyufa. Nakunjua mkanda wa mwili na kuukunja kila sehemu nikitafuta nyuzi zilizokatika au kuungua. Hozi, yaani mipira ya mafuta, nazipitishia kipande cha boksi, sizigusi kwa kiganja. Tundu dogo lisiloonekana kwa macho, pampu ikiwa kazini, hurusha mafuta kwa nguvu ya kutosha kupenya ngozi. Jeraha lake kwa nje ni kama mtu aliyechomwa na mwiba, lakini ndani nyama inaharibika, na mtu huhitaji upasuaji wa haraka. Boksi likilowa, umeshajua pa kutazama.

Kisha nanyanyua mkono mtupu kwa kutumia vidhibiti vya chini. Hivi ndivyo vitakavyonishusha nikizimia huko juu, kwa hiyo lazima vifanye kazi, na Babu lazima avijue gizani. Tunajaribu na pampu ya dharura inayotumia betri, ile ya kushushia mtu injini ikifa. Mwisho nanyoosha mkono wote, naweka alama ya chaki mahali vyuma vinapokutana, nakwenda kunywa chai ya rangi na vitumbua. Nikirudi nikakuta alama imesogea, silinda au vali haishiki, na gari halitoki. Leo haijasogea.

Mlangoni mwa gari kuna jedwali la uzito tulilochora wenyewe kwa rangi nyeupe. Lililokuja na gari lilikuwa la Kijapani tupu, foroman akatafuta mtu wa kulisoma. Linasema hivi: mkono ukiwa karibu, kikapu kinabeba kilo 200. Ukinyooka mpaka mwisho ubavuni, kama mita 9 kutoka katikati ya gari, kinabeba 120. Shika ndoo ya maji kifuani, kisha inyooshe mbali na mwili, utaelewa bila hesabu. Wapenda hesabu nao hii yao: kilo 120 kwa mita 3 ni 360, kwa mita 9 ni 1,080. Uzito haukuongezeka hata gramu moja, ila nguvu ya kulipindua gari imekuwa mara tatu, na hapo chuma cha mkono wenyewe, ambacho nacho kimesogea nje, hatujakihesabu.

Jambo jingine kuhusu gari hili, na hili nalirudia kwa kila kijana anayeletwa kwetu. Japani umeme wa mitaani wa laini kubwa ni kilovolti 6.6. Huku ni 11 na 33. Kwa hiyo akikuambia mtu kuwa kikapu hiki kimekingwa na umeme, muulize umeme upi. Nasi hatuna karatasi ya kipimo cha maabara inayotuambia faiba hii ina hali gani leo. Sisi tunakihesabu kikapu hiki kuwa hakina kinga yoyote. Na hata chenye kinga kamili hakikuokoi ukigusa waya kwa mkono mmoja na chuma cha nguzo kwa mwingine.

Saa 2, Ngamiani

Matawi. Laini ndogo, nguzo fupi, gari limesimama karibu, mkono haujafika hata nusu. Umeme umezimwa kwenye transfoma na fyuzi zimo mfukoni mwa foroman. Kazi ya dakika, isipokuwa kwa maneno.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huo wa kulia usiukate, una maembe."

"Mama, huo wa kulia ndio uliolala kwenye waya."

"Basi kata kwa adabu."

Nimekata kwa adabu. Tatizo la Ngamiani ni watu kupita chini ya kikapu, na kamba ya kuzuia hawaioni kuwa ni kizuizi, wanainama wanapita. Babu anasimama pale na filimbi.

Saa 4, Raskazoni

Hapa sasa.

Nguzo ina vikombe vitatu vya kilovolti 11, viwili vimepasuka. Karibu na bahari chumvi huganda juu ya vikombe, unyevu ukiingia umeme hupata njia ya kutambaa juu yake, usiku unaona cheche za buluu na unasikia mlio. Kati ya barabara na nguzo kuna mtaro wa mawe wenye kina cha kama mita 1.2, na udongo wa ukingoni umelowa.

Foroman alitaka gari lisimame sambamba na mtaro, ubavu uielekee nguzo, tusifunge barabara. Nilikataa, na tukabishana kidogo. Mguu wa jeki hausogezwi kwenye ukingo. Kanuni tuliyofundishwa ni kwamba umbali wa mguu kutoka ukingoni usipungue kina cha mtaro, na udongo ukiwa umelowa unaongeza. Ukisogea nyuma kiasi hicho ukiwa ubavu ubavu, nguzo iko mwisho kabisa wa mkono, na upande ulioinamia ndio upande mwembamba wa gari. Nikasema tuligeuze, mkia uitazame nguzo, tutandaze koni na mtu wa bendera kila upande. Gari lina urefu kuliko upana, kwa hiyo likivutwa kuelekea nyuma lina pa kujiegemeza.

"Tutapoteza nusu saa," akasema.

"Bosi, nusu saa hiyo niandikie mimi."

Dereva, ambaye hapendi ugomvi, alikuwa ameshawasha gari.

Miguu minne ikatoka mpaka mwisho wake, si nusu. Chini ya kila mmoja tukaweka mbao. Watu huona mbao ni ushamba, kwamba gari lina chuma chake. Mguu wetu una kikanyagio cha sentimita 25 kwa 25. Mguu mmoja ukibebeshwa tani 5, kila sentimita ya mraba inabeba kilo 8. Uweke juu ya ubao mzito wa 60 kwa 60, inashuka hadi karibu kilo 1.4. Udongo uliolowa unaijua vizuri tofauti hiyo. Tulizunguka pia kutafuta mifuniko ya mashimo na mahali palipochimbwa bomba la maji karibuni, kwa sababu juu panaonekana pamekauka na kushikana, chini ni tifutifu. Mguu mmoja wa kulia ulizama kidole ulipobebeshwa, tukaunyanyua, tukachimba tope, tukaweka kifusi na ubao wa pili. Kisha vipimo vya maji vyote viwili, cha urefu na cha upana, povu katikati.

Wakati huo foroman alikuwa na mtu wa shirika la umeme mwenye mamlaka ya kuzima. Kibali kikasainiwa, swichi ikafunguliwa, yaani umeme ukakatwa, kisha ikafungwa kufuli. Sisi tukapima kwa fimbo kama laini imekufa kweli, tukafunga ethi, yaani nyaya za kuupeleka umeme ardhini, pande zote mbili za nguzo. Kwa nini pande zote mbili? Raskazoni ina hoteli na nyumba kubwa zenye jenereta. Jenereta moja iliyounganishwa vibaya inarudisha umeme kupitia transfoma, na transfoma haijui nani anatakiwa kumpa nani: unaingia mdogo, unatoka mkubwa.

Nikaingia kikapuni peke yangu. Mimi, viatu, mkanda na zana ni kama kilo 100. Jedwali linasema 120. Vikombe vipya sikuvibeba, Babu angeniletea kwa kamba iliyopitishwa kwenye kapi iliyofungwa kwenye mbao ya nguzo. Kamba haifungwi kwenye kikapu, maana kila unachokivuta kinakuwa mzigo wa kikapu. Ndoano ya mkanda ikaingia kwenye pete iliyo kwenye mkono wa gari kabla kikapu hakijaachana na gari. Wengine hufunga wakifika juu. Kinachomtoa mtu kikapuni mara nyingi ni mtikisiko: kikapu kinashtuka, kinamrusha kama kombeo, na hilo linaweza kutokea hata mita 2 kutoka chini.

Mpangilio ni huu: nyanyua kwanza, zungusha, kisha refusha. Kurudi: fupisha kwanza, ndipo ushushe. Ukikumbuka kitu kimoja katika chapisho hili kiwe hicho. Mkono ukiwa umenyooka wote lakini umesimama wima, uko karibu na gari na mambo ni shwari. Ukianza kuushusha bila kuufupisha, kila nyuzi unayoshuka inakusogeza nje. Hujaongeza hata mita moja ya mkono, hujaongeza mzigo, unahisi unarudi nyumbani, kumbe ndipo unapolivuta gari liinuke miguu ya upande wa pili. Gari letu lina kengele ya kukataa, lakini kengele ni kifaa, na kifaa kikizeeka hunyamaza.

Mwisho wa mkono kikapu kina maisha yake. Ukiachia wenzo ghafla kinapanda na kushuka, unajikuta unacheza ngoma usiyoalikwa. Wenzo unasukumwa kwa ncha za vidole na kuachiwa taratibu, kisha unasubiri kitulie ndipo ushike spana. Miguu yote sakafuni. Sikalii ukingo, sisimamii kreti ili kuongeza urefu. Kama sifiki, gari ndilo linalosogea. Waya nao siuvuti kwa kuegemeza uzito wa mwili: nilifungua vifungo vyake kidogo kidogo huku umeshikiliwa, kwa sababu ukikata cha mwisho huku unauvuta, waya unaondoka na kikapu kinaruka kinyume.

Chini Babu hakukaa. Macho juu, mkono karibu na vidhibiti, na hakuna aliyeruhusiwa kuliegemea gari. Kungekuwa na laini nyingine hai jirani, angesimama mbali nalo kabisa, maana gari lililoguswa na umeme linaua aliyesimama chini akaligusa, huku aliye juu hana habari.

Vikombe vyote vitatu tumebadilisha, na kile kizima pia, kwa kuwa kilikuwa na umri wa wenzake. Ethi zikatolewa, watu wakahesabiwa, kibali kikarudishwa, umeme ukawaka.

Saa 8 mchana

Wali na samaki kwa mama ntilie. Foroman amenilipia soda bila kusema neno.

Saa 9 na nusu alasiri

Taa za barabarani hazijafanyika. Mchana upepo wa bahari huamka, na leo minazi ilikuwa imelala upande mmoja. Gari letu limeandikiwa mwisho mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa. Mengi ya Ulaya huandikiwa 12.5. Upepo ukiongezeka mara mbili nguvu yake huwa mara nne, na kikapu na mtu ndani yake ni tanga tosha. Nilipanda na kipimo cha upepo cha mkononi, kwa kuwa chini ukutani panadanganya. Kwenye mita 11 kikasoma 9, kikaruka 12, kikarudi 8. Nikafupisha, nikashuka. Aliyetupa kazi alipiga simu akitaka kujua mbona bajaji zinatembea. Foroman akamjibu kwamba bajaji haziendi mita 11 juu. Nilimpenda pale.

Saa 11 jioni, yadi

Mkono umelazwa kwenye kitanda chake na kufungwa mkanda. Gari halisogei hata mita moja likiwa na mkono juu, hata kutoka nguzo hadi nguzo. Babu anaosha mbao, mimi napitisha boksi tena kwenye hozi. Safari hii, kwenye maungio ya mkono wa juu, boksi limepata doa la mafuta. Dogo, la ukubwa wa shilingi. Silinda zina vali za kushika hata hozi ikipasuka, kwa hiyo nisingeanguka. Ningebaki juu nimeshikiliwa, nikisubiri pampu ya dharura.

Nimeandika kwenye daftari: hozi ya mkono wa juu, ibadilishwe, gari lisitoke. Dereva kasaini, foroman kasaini huku akipiga simu kwa fundi wa haidroliki wa barabara ya kwenda Korogwe. Anasema hozi ya kipimo hicho anayo, lakini atafika saa 4. Taa zitangoja keshokutwa, asubuhi, kabla ya upepo.