Jinsi nilivyoachana na vidonge vya usingizi

Biashara ya dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, ilipodorora na marejesho ya mkopo yakabaki palepale, daktari aliniandikia diazepamu nipate usingizi. Nilipokosa hela ya kumwona tena, nikawa nanunua kidonge kimoja kimoja duka la dawa. Dozi ileile ikaacha kufanya kazi. Mwili huizoea ndani ya wiki chache.

Usiikatishe ghafla, tafadhali: inaweza kuleta degedege hata kwa mtu mzima. Nilirudi kwa daktari, akanipunguzia kidogo kidogo, kwa miezi. Kila punguzo lilikuja na usiku mgumu. Kilichosaidia zaidi ni kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopeshana: akina mama walikubali nisimamishe marejesho siku za mbalamwezi, dagaa wanapoadimika. Chai ya jioni niliacha pia, ingawa deni ndilo hasa lililokuwa likinikesha.