Jumamosi yangu kati ya kadi za besiboli na wabishi wa hip hop

Saa 2 asubuhi. Napanda treni ya Hudson Line kwenye kituo cha Yankees–East 153rd Street, kilicho jirani kabisa na uwanja wa timu ya besiboli ya Yankees, hapa Bronx, New York. Treni ikielekea kaskazini, mto unakuwa kushoto. Kulia, ng'ambo ya barabara kuu, dakika chache tu baada ya uwanja, unaliona ghorofa la namba 1520 Sedgwick Avenue. Humo ndimo DJ Kool Herc na dada yake Cindy Campbell walipopiga disko tarehe 11 Agosti 1973, dada mtu akitafuta pesa za nguo za kufungulia shule. Hip hop inahesabu umri wake kuanzia usiku ule. Basi mtu akiniuliza kwa nini kwenye duka ninakofanya kazi, la kadi za besiboli, yaani picha za wachezaji ambazo watu hukusanya, wateja wanabishania muziki, namwambia apande treni hii asubuhi achungulie dirishani.

Humo humo nampigia mama. Tanga ni saa 9 alasiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Bado unauza picha?"

"Bado, mama."

Nilishamweleza kwamba mwaka 2022 kadi moja ya Mickey Mantle, mchezaji wa zamani wa Yankees, iliyochapwa na kampuni ya Topps 1952, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Alikaa kimya, kisha akauliza kama huyo mtu hakuwa na ndugu wa kumshauri. Mada hiyo hatujairudia.

Saa 3 na nusu. Duka liko Yonkers, mji unaopakana na Bronx. Bosi wangu kazaliwa na kukulia hapa, na hapa rapa DMX hasemwi vibaya. Mwimbaji Mary J. Blige ni wa Yonkers, Jadakiss na wenzake wa kundi la The LOX ni wa Yonkers, lakini DMX ni habari nyingine: mwaka 1998 peke yake alitoa albamu mbili na zote zikaingia sokoni zikiwa namba moja Marekani. Alipofariki Aprili 2021, bosi alifunga duka. Kwa bosi huyu, ambaye Krismasi anafungua nusu siku, hilo ni jambo zito.

Nafuta vioo, nawasha taa za makabati, napanga mifuko laini na makasha magumu ya plastiki. Kisha nakagua kadi za kupelekwa PSA, kampuni inayozipa kadi daraja la ubora kuanzia 1 hadi 10. Unashika lenzi unatazama kona, kingo, uso wa kadi, na kama picha imekaa katikati. Kadi ambayo kwa jicho la kawaida haina kasoro, kwenye lenzi unakuta kona moja imechoka. Kazi hii naipenda kuliko zote za siku, kwa kuwa hakuna anayezungumza.

Saa 5. Dada mmoja na mumewe wanaingia na maboksi ya marehemu baba yake. Kabla sijafungua nimeshajua: Topps ya 1987 yenye fremu ya rangi ya mbao, na za kampuni nyingine, Donruss ya 1988, Fleer ya 1990. Nafungua, ndiyo zenyewe.

Hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu, maana inabidi umweleze mtu kwamba hazina aliyoachiwa haifiki bei ya chakula cha jioni. Kadi za miaka ya 50 zina bei kwa sababu watoto walizichezea zikachakaa, na mama zao wakazitupa. Topps wenyewe mwaka 1960 walipakia mabaki ya kadi za 1952 kwenye jahazi wakaenda kuyamwaga baharini, Atlantiki. Watoto wale walipokua wakasikia bei, wakaapa kwamba wao hawatupi kitu. Viwanda navyo, mwishoni mwa miaka ya 80, vikachapa usiku na mchana. Kila mtu akanunua, kila mtu akatunza vizuri, na kitu ambacho kila mtu anacho hakina mnunuzi. Dada alinielewa. Alibakiza moja ya ukumbusho, nyingine akatuachia kwa bei ya huruma.

Ila chini ya boksi la mwisho palikuwa na kitu kingine: kadi za kipindi cha televisheni cha Yo! MTV Raps, zilizotolewa 1991 na Pro Set, kampuni iliyokuwa ikitengeneza kadi za michezo. Marapa wamekatiwa kadi kama wachezaji, picha mbele, maelezo nyuma. Nazo zilichapwa kwa wingi, hazina bei ya kutisha. Nikaziweka juu ya kaunta. Bosi akasema, "Leo umeharibu siku."

Saa 7 mchana. Wameshajaa. Yupo mzee wa Queens, sehemu nyingine ya jiji la New York, shabiki wa Mets, timu ya besiboli ya huko kwao, mstaafu wa posta. Yupo mwalimu wa hesabu ambaye hazungumzi bila takwimu. Yupo kijana wa Atlanta, kijana kwa maana ya kwamba ana miaka arobaini. Mzee ameokota kadi ya LL Cool J, anaigeuza taratibu, na hotuba inaanza.

Anachosema ni kile kile cha kila Jumamosi. Kwenye kadi, yenye thamani ni ya kwanza, ile iliyotoka mchezaji alipoingia ligi kuu. Ken Griffey Jr. ana kadi chungu nzima, lakini inayotajwa ni ile namba 1 ya kampuni ya Upper Deck ya 1989. Muziki nao ni hivyo hivyo. LL alitoa albamu yake ya kwanza 1985 akiwa na miaka 17. Rakim na Eric B. walitoa yao 1987. Nas alitoa Illmatic Aprili 1994, na kwa mzee huyu mjadala umefungwa: vyote vya baadaye ni marudio.

Bosi anaunga mkono kwa ajili ya albamu ya kwanza ya DMX. Kijana wa Atlanta anatikisa kichwa tu, anasubiri zamu.

Saa 8 na nusu. Mwalimu anaingilia na mwaka 1994. Wachezaji wa besiboli waligoma tarehe 12 Agosti. Tony Gwynn alikuwa na wastani wa kupiga mpira wa .394, timu ya Montreal ilikuwa imeshinda 74 na kufungwa 40, na vyote vikakatika hapo. Tarehe 13 Septemba The Notorious B.I.G., rapa wa Brooklyn, anatoa albamu ya Ready to Die. Kesho yake, tarehe 14, Bud Selig, aliyekuwa akiongoza ligi kuu, anatangaza kwamba mwaka huo hakuna World Series, yaani fainali za besiboli. "Besiboli inazimika, Brooklyn inawaka, ndani ya siku mbili!" anasema, na kaunta anaigonga. Kisha anaongeza kwamba kadi za 1994 hakuna anayezitaka na muziki wa 1994 kila mtu anautaka.

"Na Alex Rodriguez wa SP?" bosi anauliza. Kweli, kadi ya kwanza ya mchezaji huyo, ya toleo liitwalo SP la 1994, inatafutwa hadi leo. Lakini naye alikuja kufungiwa msimu mzima wa 2014 kwa dawa za kuongeza nguvu, na watu wanaitazama kadi ile kwa jicho lingine.

Hapo ndipo nilipoingia. Kwa kawaida najiuma ulimi, mimi ni muuzaji. Nikawaambia mnachanganya vitu viwili. Kadi ya kwanza haina bei yenyewe, bei yake inatoka mbele. Griffey angevunjika goti 1990, ile namba 1 ingekuwa karatasi. Nikamgeukia mzee, kwa sababu najua kwenye pochi yake kuna nini: kadi ya Dwight Gooden, mrusha mpira wa Mets, Topps ya 1985. Mwaka ule Gooden alishinda mechi 24 akapoteza 4, wastani wake wa kuruhusu pointi ukawa 1.53 tu, na hakuna mrusha mpira aliyemkaribia. Ukaja ulevi wa kokeini, kadi ikaporomoka na haijainuka. Albamu haifanyi hivyo. Nas angeacha kuimba Mei 1994 akafungua duka la viatu, Illmatic isingepungua hata mstari. Kwa hiyo kanuni ya kadi ya kwanza msiilete kwenye muziki. Muziki unaweza kuwa bora ukiwa wa kwanza, wa tatu, wa saba.

"Wa tatu!" kijana wa Atlanta akaruka. Alikuwa ameshikilia Aquemini ya OutKast, kundi la kwao Atlanta, kooni tangu mchana: albamu yao ya tatu, Septemba 1998, iliyotoka siku moja na albamu ya Jay-Z na ya A Tribe Called Quest. Akasimulia tena jinsi OutKast walivyozomewa jijini New York kwenye tuzo za The Source za 1995. Watu wa New York mle dukani wakatazama makabati.

Mzee hakuwa na habari naye. Alinitazama mimi. "Kwa hiyo Gooden wangu?"

"Bei yake imeanguka, mzee. Ule mwaka wake hakuna wa kuufuta."

Alifikiri. "Huo ndio mwaka niliooa," akasema.

Saa 10 jioni. Wakaniuliza kwetu tulisikiliza nini. Niliwavunja moyo. Ngamiani ya Tanga ninayoikumbuka, nani katoka Queens na nani katoka Brooklyn halikuwa suala. Mfalme alikuwa 2Pac, mtu wa pwani ya pili, ile ya magharibi, na sura yake ilichorwa hata kwenye daladala. Na sisi tulishaanza kuchana kwa Kiswahili: Saleh Jabir aliupandia mdundo wa Vanilla Ice mwanzoni mwa miaka ya 90. Hapo walicheka hadi mwalimu akavua miwani. Niliposema Mr. II, yaani Sugu, baadaye alichaguliwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, kicheko kikakatika. Bosi akataka kujua kama DMX angefaa kuwa meya.

Saa 12. Wateja wa kweli, baba na binti yake, wananunua boksi zima la pakiti za kadi na kulifungulia pale pale kaunta. Nusu saa nzuri. Wabishi wote wananyamaza kutazama pakiti.

Saa 1 usiku nahesabu pesa. Mzee bado kaishika LL Cool J. Bosi anataka dola moja. Mzee anatoa Gooden ili wabadilishane, bosi anamwambia Gooden anao boksi zima. Kijana wa Atlanta anaweka dola yake mezani: kadi ni ya mzee, kwa sharti asikilize Aquemini mwanzo hadi mwisho kabla ya Jumamosi ijayo. Mzee akakubali, akaichomeka kadi kwenye mfuko wa shati, wazi hivyo hivyo, pamoja na kalamu. Bosi akashika kichwa.