Mashua ilipogoma, tatizo lilikuwa mkono wangu

Kwa misimu miwili ya mashindano ya mashua za tanga mimi na wenzangu wawili tulikuwa na desturi moja: upepo ukivuma tunashindana na watu, ukilegea tunamaliza mkiani. Nilikuwa nalilaumu tanga, na kweli ni kuukuu. Kumbe kosa kubwa lilikuwa la mshika kana, ule mpini wa kugeuzia usukani, yaani mimi.

Siku hiyo upepo haukuzidi noti tatu, yaani maili tatu za baharini kwa saa. Kabla ya kuanza, mwenzetu aliyeshindana miaka mingi kutuzidi akaniambia, "Leo kana ishike kwa vidole viwili tu, ndugu yangu. Kila ukiivuta unapiga breki." Usukani ukikaa mshazari huyazuia maji, na mimi kila nikiona tumezubaa ndipo nilipozidi kuuchezesha.

Kisha akatupanga. Tulisogea mbele karibu na mlingoti, tezi, yaani nyuma ya mashua, isikokote maji, na wawili tukakaa upande wa demani, unakoelekea upepo, ili mashua ilale kidogo. Nilibisha, maana upepo ukiwa mkali sote hukimbilia joshi, upande unakotoka upepo. Lakini upepo haba haujazi tanga. Mashua ikilala, tanga linaning'inia kwa uzito wake na kupata tumbo, basi hata pumzi ndogo inakuta pa kukamata.

Tukatulia kama wezi. Ukitaka kujikuna, unajikuna polepole.

Boya la kwanza lilikuwa huko huko upepo unakotoka, ikabidi kubisha, yaani kuupanda upepo kwa mshazari, mara upande huu mara ule. Hapo ndipo tamaa ilipo: unataka omo, mbele ya mashua, ielekee karibu kabisa na upepo ili njia iwe fupi. Mashua inapoteza mwendo, na mkuku, ule uti wa chini ya mashua, usipopitiwa na maji haushiki, unasukumwa ubavu. Macho yangu yakawa kwenye nyuzi mbili za sufi tulizobandika kwenye tanga la mbele, moja kila upande. Wa joshi ukirukaruka, nimeukaribia upepo mno, naachia kidogo. Wa demani ukilegea, tanga limekazwa mno, tunalegeza kamba kwa upana wa kidole.

Tuligeuza mara tatu tu. Jirani yetu nilimhesabia saba. Kila tukigeuza tulifuata mabaka meusi juu ya maji, kwa kuwa ndiko upepo unakogusa.

Mwenzetu wa mbele alichoka kusubiri, akaanza kuyumbisha mashua ijisukume. Nikamkemea: kanuni ya 42 ya mashindano ya matanga hairuhusu hilo, wala kulipigapiga tanga kama bawa.

Kurudi, upepo ukiwa wa tezi, tulikwenda kwa pembe badala ya kunyoosha ili tusipoteze mwendo, tukazipita mashua mbili zilizokuwa zimezubaa.

Karibu na mstari wa mwisho upepo ukafa kabisa. Hakuna aliyesema neno. Mashua ikateleza kwa mwendo uliobaki, tukavuka wa pili. Niliporuka kushangilia, mguu ulikuwa umekufa ganzi, nikaanguka juu ya kana.