Usaha ulionuka kabla ya majibu

Kipindi hicho nafanya kazi maabara, upande wa bakteria, nikiwa zamu ya usiku. Kuna mzee alilazwa na homa za kwenda na kurudi, anatetemeka, ubavu wa kulia unamuuma, ultrasaundi ikaonyesha jipu kubwa kwenye ini. Kila mtu akasema amiba, kile kijidudu cha utumboni kinachoweza kufika mpaka kwenye ini. Kipimo cha damu cha amiba kikarudi negativu, kalcha ya damu, yaani kuotesha damu kuona kama ina bakteria, nayo haikuota kitu, na swabu ya usaha waliyotuletea, kile kijiti chenye pamba, ilishakauka, sasa hapo unategemea nini? Bakteria wasiotaka oksijeni ukiwapaka kwenye pamba wakapigwa hewa njia nzima, wanafika wameshakufa.

Nikampigia daktari, dokta naomba usaha mpya, uvute kwa sirinji, toa hewa yote, ziba, mtu alete mbio na usiweke friji. Akanung'unika lakini akaleta mwenyewe. Kufungua tu chumba kizima kikanuka, ile harufu ya kuoza ambayo ukishaikuta huisahau, na usaha wa amiba mara nyingi haunuki hivyo. Nikapaka slaidi, nikapiga rangi za Gramu, zile za kufanya bakteria waonekane, kuchungulia kwenye hadubini naona vijidudu vya pinki, vyembamba, virefu, vimechongoka pande zote mbili kama vijiti vya kuchokonolea meno. Vimejaa! Nikampigia tena palepale, usiku huohuo wakamwongezea metronidazoli, dawa ya bakteria wasiotaka oksijeni.

Baadaye sahani za kuoteshea zilizokaa kwenye hewa ya kawaida zikatoka safi kabisa, mwenzangu mmoja akataka aandike "hakuna kilichoota" afunge kazi. We, slaidi imejaa halafu kalcha tupu, maana yake si kwamba bakteria hawapo, hatujawapa hali wanayoitaka tu. Sahani nyingine tulizifungia kwenye jari la kutoa oksijeni, na hilo halifunguliwi kabla ya saa 48, na wapo wanaotaka siku 5 hadi 7. Tulipolifungua vikoloni vimeshaota, mashine ya kutambua bakteria ikasoma Fusobacterium nucleatum.

Huyo kwao ni mdomoni. Daktari akarudi kwa mzee akamwambia baba hebu fungua mdomo, kumbe jino la nyuma limeoza mpaka kwenye fizi na hakuna aliyewahi kuangalia. Wakapitisha na kamera kwenye utumbo mpana, maana bakteria huyu anahusishwa pia na saratani ya huko, hawakukuta kitu. Jino likang'olewa, mrija ukakaa kwenye ini mpaka usaha ukaisha, dawa akameza wiki kadhaa akapona. Mwenzangu yule siku hizi ndiye wa kwanza kugombana na watu wa wodini wakileta swabu.