Sauti ya Bibi Ilipofika Mkunguni

Mwaka 2017 kundi letu la ukoo kwenye WhatsApp lilikuwa na watu wa Lamu, Mombasa, Nairobi na Muscat, na bibi yangu mzaa mama hakuwa na namna ya kulifuata ila kupitia kwangu. Si kwamba hakusoma. Alisoma chuoni, yaani madrasa, na barua zake za Kiswahili aliziandika kwa herufi za Kiarabu kama wazee wake. Hizi za Kizungu ndizo hakuzijua. Basi baada ya alasiri nilikaa naye msanani, ukumbi wa ndani, nikamsomea. Vijana waliandika "xaxa", "cjui", "2taongea", nami katika kusoma niliongeza shikamoo na salamu ambazo hazikuwamo. Nilifanya kwa makusudi, na mpaka leo naona nilifanya sawa. Wale watoto walimpenda. Haraka ya vidole ndiyo iliyowakatia maneno.

Ujumbe wa sauti ulimtoa mikononi mwangu. WhatsApp ilikuwa nao tangu 2013, lakini bibi aliuanza Ramadhani ya mwaka huo. Nilimshikia kitufe, akasema kama anayemwandikisha karani barua: bismillahi, jina la mpelekewa, salamu za nyumba nzima mtu kwa mtu, "baada ya salamu", kisha haja yenyewe. Alisema Kiamu chake kitupu, Kiswahili cha Lamu, na kundi likachangamka. Wajomba waliokuwa wakiandika Kiswahili cha shule, kikavu, walijibu kwa sauti, nao kwa Kiamu. Hakuna aliyetufundisha kuiandika lugha ya nyumbani. Kuisema hatukuhitaji mwalimu.

Siku ya Idd alitaka kusema na mjukuu wake wa Muscat, mtoto wa khalati, dada wa mama yangu, aliyekaa miezi bila kumpigia mamake. Bibi alimpa mkono wa Idd, akamwombea dua, kisha akamkumbusha kwamba bangili mbili za dhahabu za mamake zilikuwa bado kwa sonara, rehani ya nauli iliyompeleka. Ujumbe ulikwenda kwake peke yake. Yeye, kwa uchungu au kwa kutaka ushauri, akampelekea mtu mmoja wa ukoo. Huyo mmoja akapeleka kwingine.

Idd haijesha, mjomba amekaa barazani Mkunguni, uwanja wa mji wa Lamu karibu na ngome, akaisikia sauti ya mamake ikitoka katika simu ya mtu asiye wa kwetu. Jioni, wanawake waliokuja kumpa khalati mkono wa Idd walimtazama mikono.

Siku hizo hapakuwa na yale maandishi madogo ya kuonyesha kwamba ujumbe umesambazwa, yaliongezwa 2018. Kwa hiyo wako walioamini kwamba bibi mwenyewe ndiye aliyeutoa. Kufuta ujumbe ukafutika kwa wote nako kulikuja mwishoni mwa 2017, na hata kungekuwapo kusingetufaa, maana nakala ikishapelekwa kwa wengine haifutiki pamoja na ile ya kwanza. Nilimweleza bibi haya yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Nalinena na mjukuu wangu. Sikunena na mui." Mui ni mji.

Nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa Lamu, zilijengwa na watu waliolijua jambo hili. Mgeni huketi daka, kibaraza cha mlangoni. Akiruhusiwa hupita tekani, njia ya kuingilia, akatokea kiwandani, ua wa ndani. Ndani kabisa, penye zidaka, vishubaka vya ukutani, huingia wa nyumbani tu. Kila neno lilikuwa na chumba chake. Simu iliyachukua maneno ya ndani ikayaketisha barazani kwa hatua moja, na sauti ya mwanamke mzima, mwenye haya, ikawa inasikilizwa na wanaume wanaokunywa kahawa. Nilikasirika, na hasira ile haijanitoka yote.

Nilidhani bibi ataiacha simu. Siku chache baadaye akaniita nimshikie kitufe, akamwambia yule yule kijana:

Ndiwa wetu wamehama
nyumba ngeni wamekwama
usiku hulia mama
mwana warejeshe kwao

Hakuongeza neno. Mtu wa nje angesikia mzee anayesikitikia njiwa wake. Na kwa nini isiwe hivyo? Barua za zamani zilisafiri kwa jahazi, zikapita mikono ya nahodha, ya mchukuzi, na ya yule anayemsomea asiyejua kusoma. Waandishi wake walijua kwamba jicho lisilohusika litazipitia, wakaweka siri ndani ya fumbo. Bibi alikuwa na dawa ya ugonjwa ambao sisi tuliudhani mpya. Vijana wetu walikuwa wamejifunza kuyafupisha maneno; hakuna aliyewaonyesha namna ya kuyafunika.

Kijana hakuelewa. Aliniandikia usiku ule: "bibi anafuga njiwa cku hz?" Nikamwambia ampigie mamake amuulize. Alimpigia. Khalati alinieleza kwamba walizungumza hadi simu ikaisha chaji, na nusu ya mazungumzo ilikuwa kilio.

Bangili zilirudi kabla ya Maulidi. Zilipofika, kijana alituma jibu kwa sauti, ubeti mmoja, wa njiwa waliotua darini kwao. Vina vilikaa sawa, ila mshororo wa tatu ulipungukiwa na mizani moja. Bibi aliusikiliza mara mbili, akahesabu, kisha akanyoosha mkono nimshikie kitufe, amwambie autengeneze aurudishe.