Mizani Nane Chini ya Taa Isiyozimwa

Nilihukumiwa kunyongwa mwaka 2003, kwa wizi wa mabavu. Tulikuwa watatu, na panga sikulishika mimi, lakini kifungu cha 296(2) cha sheria ya Kenya hakiulizi lilishikwa na nani. Mkiwa zaidi ya mmoja, basi. Nikavishwa kunguru, ile sare ya mistari myeusi na myeupe, nikapelekwa upande wa watu wa kamba.

Kamba yenyewe tuliizoea. Tulijua Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, waliponyongwa katika gereza la Kamiti waasi wa jaribio la mapinduzi la 1982. Kukosa kazi ndiko kulikonishinda. Wenye vifungo vya miaka walikuwa na karakana na shamba. Sisi tuliwekwa tu, kama magunia yasiyo na mwenyewe. Na taa ya chumbani haizimwi, si usiku si mchana.

Chumbani mwetu alikuwemo mzee mmoja wa Lamu, aliyekuwa akighani mashairi kwa sauti ya chini kila baada ya isha. Nami nikajaribu. Nikaandika nyuma ya pakiti ya sigara: "Nimehukumiwa kufa, wala kosa sijalitenda." Akausoma mshororo huku akigusa vidole kimoja kimoja, akihesabu mizani, yaani silabi.

"Utao, kile kipande cha pili, una mizani tisa, mwanangu. Umezidisha moja. Na uongo nao umezidi."

Sikulala. Asubuhi, kabla ya uji, nikamwonyesha tena: "Nimehukumiwa kufa, na kosa nimelitenda." Nane kwa nane. (Ningeweza kuandika "na kosa sikulitenda", nayo ni nane vilevile. Mizani haijui kweli wala uongo. Mzee alijua.) Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukiri, na nilikiri kwa sababu ya hesabu.

Nilipolalamika kuwa hatuna karatasi, akanihadithia habari za mshairi Abdilatif Abdalla, aliyefungwa 1969 kwa ajili ya siasa, akatunga gerezani kwenye karatasi za chooni. "Wewe una pakiti ya sigara, walilia nini?"

Ilinichukua miezi kupata ubeti ambao hakuugusa:

Taa haizimwi ndani, usiku hauingii
Nahesabu vidoleni, mizani hazipungui
Mama yuko kijijini, moyo wake hautui
Kitanzi kiko shingoni, ulimi hakizuii

Aliusoma, akanirudishia pakiti, akaomba sigara. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa sifa.

Habari zikaenea. Mmoja akaja kutaka shairi la kumwomba mkewe asiolewe. Nikamwambia ukweli, vina haviwezi kazi hiyo, lakini nikamtungia. Mwingine alifiwa na mama, hakuruhusiwa kwenda kuzika, akataka beti tatu za kusomwa kaburini. Malipo yalikuwa kipande cha sabuni, au hayakuwepo. Jioni moja afande mmoja alisimama mlangoni muda mrefu bila kusema, kisha akaniomba shairi la harusi ya dada yake. Nikamwambia alete kalamu mpya, hii yangu imekauka. Akaleta mbili.

Nikaanza kuamka nikiwa na foleni ya watu. Mtu aliyehukumiwa kufa, na bado ana wateja wanaomwuliza, "Yangu lini, mshairi?"

Mzee alifariki 2008, kwa maradhi. Beti za msiba wake nilizitunga mimi, na ninajua mshororo wa pili ungemkasirisha.

Tarehe 3 Agosti 2009, Rais Kibaki aligeuza hukumu za watu zaidi ya 4,000 kuwa kifungo cha maisha. Mimi niliachiliwa miaka kumi baadaye, mahakama iliponihukumu upya, lakini hiyo ni habari ndefu ya mawakili na mafaili. Ninayoikumbuka ni siku ile ya Agosti. Watu walipiga kelele, bakuli zikagongwa milangoni, wengine wakasujudu. Mimi nilikuwa na shairi la jirani yangu, la bintiye aliyekuwa anaanza darasa la kwanza, na kituo, ule mshororo wa mwisho, cha ubeti wa tatu kilikuwa kimekataa kuingia. Nilijaribu kukimaliza katika zile kelele, vidole vikapotea hesabu.

Nilikimaliza kesho yake. Jirani akakiiga kwa mwandiko wake, polepole, ulimi umetoka nje kidogo, ili mtoto aone ni mkono wa babake.